Beki wa Kima cha Chini

Ladislaus alikuwa amesimama kando ya uwanja wa South End, Louisville, akila sambusa ya bure, aliposikia Mzee Bagula akijigamba kwamba wiki ijayo zamu yake ya likelemba imefika. Wanachama kumi na wawili wa kanisa walikuwa wanachanga kila mwezi, na safari hii dola elfu sita taslimu zilikuwa zake. Angenunua gari aache kuomba lifti ya kwenda kazini ghalani. Sambusa ikasimama hewani. Uwanjani, Murhula, mpwa wa Bagula, beki wa kulia mwenye miaka ishirini na sita na kitambi cha kuanzia maisha, aliupiga mpira kwa nguvu zake zote ukatua juu ya gari la mchungaji.

"Aisee!" Ladislaus akapaza sauti. "Huyu kijana ana mguu!"

Alikuwa nao kweli, tena miwili, na huo ndio ulikuwa ukweli wa mwisho usio na doa kutoka kinywani mwa Ladislaus siku ile.

Tusimwonee. Ladislaus hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimletea wenyewe, na yeye alilelewa vizuri, hakuzoea kukataa zawadi. Ila mambo yalikuwa yamembana. Kule Columbus alikokaa, mwenye nyumba alikuwa anamdai kodi ya miezi mitatu na alishamwambia: Jumatatu baada ya wiki ijayo, elfu tatu, au vitu nje. Mfukoni alikuwa na elfu mbili na vichenji, na hizo ndizo zote alizokuwa nazo duniani.

Akajitambulisha kuwa wakala wa wachezaji.

"Mzee wangu, unajua kwa nini wachezaji wa kulipwa nchi hii hawalali njaa? Wana chama. Chama kimekaa mezani na wenye timu, wakaandikiana mkataba wa pamoja. Humo kuna kima cha chini cha mshahara. Hata ukikaa benchi mwaka mzima unawashikia wenzako chupa za maji, mwenye timu haruhusiwi kukulipa chini ya hapo."

"Hata kama mutu hajuwe kucheza?" Bagula akauliza, akimtazama mpwa wake.

"Mkataba hauulizi unajua nini. Unauliza umesaini?"

"Na ni ngapi?"

"Ligi kubwa, elfu themanini na ushee kwa mwaka. Kwa kukaa."

Hapo hakudanganya sana. Mambo hayo aliyasoma maktaba ya Columbus, mahali penye joto na choo cha bure. Uongo aliuweka mkiani: kwamba klabu moja ya Buffalo, Niagara Radi, ilikuwa inatafuta beki wa kulia kwa udi na uvumba, na kwamba ada ya kuingia chama ilikuwa, kwa bahati ya ajabu, dola elfu sita.

"Lakini mjomba," Murhula akasema, "mimi hata krosi sijuwe kupiga."

"Nyamaza. Bakubwa banaongea."

Jumamosi iliyofuata Ladislaus alikodi chumba kwa saa mbili, juu ya duka la nguo huko Lower West Side, Buffalo. Alitundika skafu ya mpira ukutani, akavaa suti, akajipa na cheo cha mwakilishi wa klabu, na hivyo klabu ikazaliwa. Bagula na Murhula walifika na mtu wa tatu: Mama Charlotte, dada mkubwa wa Bagula, mkazi wa Buffalo, mfanyakazi wa kiwanda cha mtindi. Alikuwa mnene, mpole, na mkoba wake ulikuwa mkubwa kuliko meza.

"Shikamoo, mama."

"Bonjour, mwanangu. Leta karatasi."

Akavaa miwani. Akasoma kurasa zote tisa, akilowesha kidole kwa kila moja. Ladislaus alikuwa hajawahi kukutana na mtu anayesoma mkataba, na jambo hilo lilimkera.

"Hii cotisation, hii ada ya chama," Mama Charlotte akasema. "Kwetu ku kampani, chama inaikata kidogo kidogo, mutu akiisha kulipwa. Ku mpira banaiomba mbele?"

"Mpira ni tofauti, mama. Mguu unaweza kuvunjika."

"Aah. Bon." Alikubali upesi kiasi kwamba Ladislaus alimwonea huruma, ingawa si kwa muda mrefu. "Donc, hii mkataba tutaiheshimu yote?"

"Kila kifungu!"

"Basi kuko kifungu ya kumi na ine. Timu ikiita muchezaji atoke muji ingine, inamulipa elfu mbili ya kuhama, siku ya kusaini, mu mikono."

Ladislaus aliichukua karatasi. Kifungu kilikuwepo. Alikitunga mwenyewe ili mkataba unenepe. Akapiga hesabu haraka: toa mbili, pokea sita. Ni hesabu hiyohiyo aliyowafundisha watu wengi, na wote walifeli, lakini wao walikuwa wajinga. Akasaini, akatoa bahasha yenye elfu mbili zake. Murhula naye akasaini, akazihesabu noti mara mbili, na Mama Charlotte akautia mkataba mkobani.

"Na ada?" Ladislaus akauliza, kwa adabu.

"Pesa ya likelemba haitembeyi na banaume," Mama Charlotte akasema. "Mama Séphora njo anaichunga, na anafika sasa hivi. Desturi yetu, tunashuka wote kumupokea, kisha anaitoa mbele ya bashahidi."

"Niwasindikize?"

"Wee! Mukubwa wa timu ashuke ku parking? Kaa, tutamupandisha."

Ladislaus akakaa. Kuitwa mkubwa kulimwingia vizuri. Alifanya mazoezi ya uso wa mtu anayepokea elfu sita bila kuzijali, mpaka mwenye duka akagonga kusema muda umeisha. Akachungulia dirishani. Hapakuwa na gari. Simu ikalia: ujumbe wa sauti wa Mama Charlotte.

"Bwana Ladislaus, asante ya pesa. Murhula anahama kweli, Jumatatu anaanza kazi kwetu. Ile siku uliongea na Bagula, alinipigia magaribi, nikamuambia akubali yote. Miaka kumi na mbili niko délégué, mujumbe ya chama ya bafanyakazi, ninakaa meza moja na bapatron, benye kampani. Benye kudanganya na karatasi ninabajua. Yako tumeichunga, iko na sinyatire yako. Na kama unatafuta kazi, kungali nafasi moja. Kima ya chini ni dola makumi mbili na moja kwa saa."

Ladislaus aliitukana simu kwa lugha tatu. Akafikiria polisi, lakini angeeleza nini? Kwamba klabu isiyokuwepo imeibiwa pesa za kumhamisha beki asiyejua mpira? Akaketi kwenye ngazi, na hasara ikamuuma, ikamuuma vibaya sana. Columbus ilikuwa mbali, na Jumatatu vitu vyake vingekuwa barabarani.

Mwishowe akaandika: "Shikamoo mama. Hiyo zamu inaanza saa ngapi?"

Jibu lilikuja papo hapo. "Saa kumi na moja ya asubui. Na usichelewe, mwanangu. Mwenye kuchelewa, hata chama haimutetee."