Hamsini Ni Hamsini Popote

Jumatatu, 3 Machi

"Kwenye kamera ndogo za siku hizi, hamsini si lenzi ya kawaida tena. Ya kawaida ni thelathini na tano." Hayo kayaandika Mama Pasipoti leo katika kundi letu la wapiga picha, mbele ya watu mia moja na arobaini. Mama Pasipoti! Mwenye kibanda mkabala na duka langu, ambaye kwa miaka kumi na miwili hajapiga chochote kilicho chini ya mabega ya mtu.

Nimemjibu kwa aya kumi na moja. Lenzi ya milimita hamsini huona kama jicho la binadamu: haivuti vitu karibu, haivisukumi mbali. Ndiyo maana ikaitwa ya kawaida. Nimesoma vitabu vinne juu ya jambo hili, kimoja mara mbili. Hamsini ni hamsini, nikamalizia, uifunge kwenye kamera au kwenye ndoo.

Watatu wameweka alama ya kucheka. Nimeandika majina yao.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kauza nyumba. Funguo anakabidhi Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Kabla ya hapo anataka kitu kimoja tu: picha yake na watoto wake wote saba, sebuleni, kama ile ya ukutani niliyoipiga miaka ishirini iliyopita, wiki niliyooa. Hawajakutana wote saba tangu siku ile. Mkubwa wao anarudi ng'ambo Jumapili. Hakuna marudio.

Mke wangu kauliza, kwa upole wa kutia shaka, kama hatuwezi kumwita Mama Pasipoti. Ukweni kwangu! Nimekataa kwa hotuba. Ndefu.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio sebuleni kwa mama mkwe. Kamera mpya ya dijitali, lenzi yangu ya zamani. Mgongo ukutani, hatua tano toka kwenye kochi. Kati ya waliokwishafika, wanaingia wanne na nusu.

Ajabu! Picha ya ukutani niliipiga kwa lenzi hii hii, nimesimama papa hapa, na wote wameenea. Kamera ilikuwa ya filamu, lakini hilo halihusiani. Jibu ni moja tu: sebule imepungua. Plasta imenenepesha kuta! Shemeji akaleta futi ya fundi, akapima. Sebule ni ile ile. Basi, nikasema, wanene ni ninyi.

Kosa la mbinu, si la hoja.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pasipoti kavuka barabara na picha ya zamani na vipande vinne vya karatasi. Kaitandaza juu ya kaunta yangu. Akasema, "Profesa, tazama, kaka yangu. Lenzi yako haijabadilika. Zamani ilimwaga picha kwenye filamu pana hivi. Kamera yako ya sasa ina kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu, nacho ni kidogo hivi." Akafunika kingo zote nne kwa karatasi. Ikabaki katikati. "Pembeni panamwagika nje. Ukitaka upana ule ule, shika lenzi fupi zaidi, ya milimita chache." Akatoa thelathini na tano yake. Niichukue, kasema, nitairudisha Jumatatu.

Nikamjibu kwa sayansi. Jicho moja kwenye kamera, jingine wazi, kwa yote mawili nikamtazama. Kichwa chake kilikuwa na ukubwa ule ule kote kuwili! Kasema ukubwa sawa, lakini dirisha ni dogo. Ukichungulia kwenye tundu la ufunguo, mtu ni yule yule, waliopotea ni wa pembeni. Nikamwambia mimi si mtu wa kuchungulia kwenye matundu ya funguo. Kacheka mpaka mteja wake akatoka kibandani na tai ya kuazima shingoni kuja kuona kuna nini.

Kaondoka na lenzi yake. Nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Ninahitaji hatua mbili tu za nyuma. Nyuma yangu kuna dirisha. Nje ya dirisha kuna uwanja mzima! Kinachozuia ni nondo. Nikaenda na msumeno wa chuma.

Nikiwa kwenye nondo ya pili, akaingia mnunuzi, kaja kupima mapazia. Kauliza mimi ni nani. Nikasema mkwe. Kauliza kama mkwe naye yumo kwenye mauzo. Kisha kaapa kwamba nondo moja ikipungua kesho, funguo hazichukui. Mama mkwe kambembeleza saa nzima. Fundi wa kuchomelea kaitwa.

Mke wangu sasa anaongea nami kupitia mama yake.

Jumamosi, 8 Machi

Saba wote. Mama mkwe katikati, ndani ya gauni la bluu. Nikabana mgongo ukutani, nikabana tumbo, nikaingiza kisogo katikati ya nondo. Nikapiga picha thelathini na moja. Mkubwa katokea sikio. Mke wangu, kitindamimba, katokea mkono tu, juu ya bega la ndugu yake.

Mama mkwe kaomba kuona. Kahesabu kwa kidole. Kisha kwa sauti ndogo: "Baba, mbona watano? Mimi nilizaa saba."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Saa kumi na nusu. Mke wangu katoka, karudi na Mama Pasipoti, ambaye kumbe alikuwa barazani kwa jirani tangu mchana, lenzi mkobani. Kaifunga kwenye kamera yangu. Kasimama pale pale niliposimama. Wote saba wakaingia, na nafasi ikabaki. Mama mkwe akasema, "Na wewe baba, ingia. Miaka ishirini unajificha nyuma ya hicho kitu." Nikaingia, nyuma yake. Mama mkwe akanishika mkono, hakuuachia.

Lile vumbi la kufungasha mizigo liliniingia machoni.

Jumapili, 9 Machi

Picha nimeichapa. Nzuri, sibishi. Kundini wanasema thelathini na tano imeshinda. Upuuzi! Kamera ni ya nani? Aliyesafisha ukuta kwa mgongo wake siku nne ni nani? Lenzi ya Mama Pasipoti nimemrudishia asubuhi, nimeifunga kwa karatasi nilizochapia zile aya kumi na moja.

Lenzi yangu haina kosa, wala kamera. Kosa ni la ukuta. Barua naituma leo: Ninyi waashi, na ninyi mnaochora ramani za nyumba: ongezeni hatua mbili kwa kila sebule, na muanze mara moja! Nataka jibu kwa maandishi kabla ya Jumapili ijayo. Mama mkwe kaomba picha nyingine, ya familia nzima, ndani ya chumba chake kipya. Nimekwenda kukipima.

Hatua tatu.