Jumapili Moja ya Mimi na Yasen Tu

Jumatano, 1 Aprili

Siku ya arobaini na saba ya ndoa yangu. Bado nikiamka nageuka kuhakikisha kama Yasen yupo. Yupo! Anakoroma kama paka aliyeshiba. Napenda hata mkoromo wake.

Tatizo ni moja. Tunaishi ghorofa ya juu kwa wazazi wake, na mama mkwe, Mama Rayna, hajawahi kubisha hodi maishani mwake. Mlango unafunguka, inaingia supu, nyuma ya supu yeye. Yasen anachonga mbao karakanani siku sita kwa wiki. Jumanne baada ya Pasaka anaondoka kwenda pwani kutengeneza milango ya hoteli, hadi Julai. Julai! Pasaka yenyewe ni ya ukoo mzima. Kwa hiyo imebaki Jumapili moja tu. Hii inayokuja.

Nayo ni Jumapili ya Matawi. Siku ya jina, yaani siku ya kusherehekewa, ya kila mtu mwenye jina la mmea. Yasen ni mti. Mimi, Iglika, ni ua. Balaa maradufu! Siku ya jina haina mwaliko. Anayekupenda anakuja tu, na wewe uwe nyumbani, meza imejaa.

Wazo limenijia nikiosha vijiko. Mtu ambaye hukumwalika hawezi kulalamika kwamba hakukukuta! Tutatoroka. Treni ya asubuhi, vituo vichache tu, monasteri ya Dryanovo, kisha pango, kisha maporomoko ya maji. Nauli ndogo ya kichekesho. Chakula tunabeba. Nimezaliwa hapa Tryavna na pango hilo nimeliona mara moja, darasa la nne, nikatapika kwenye basi. Safari hii nitaliona nimeshikwa mkono.

Nimemwambia Yasen. Amesema hata nikimwambia twende mwezini ataenda, mradi kuna cha kutia mdomoni. Mume gani huyu!

Alhamisi, 2 Aprili

Wifi Desislava, dada yake Yasen, amekuta ratiba ya treni chini ya mto wangu. Alikuwa anatafuta nini chini ya mto wangu? Sikuuliza. Nimempa skafu yangu ya hariri ili anyamaze. Ameivaa, amejitazama kwenye kioo, kisha amecheka. Ati sitathubutu. "Wewe, wifi? Uache wageni mlangoni siku ya jina lako? Wewe uliyelia siku fundi bomba alipoondoka bila kunywa kahawa?"

Fundi yule alikuwa ametoka mbali. Hiyo ni kesi tofauti.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo nimefanya jambo la werevu mno. Nilihitaji Mama Rayna asikanyage ghorofani Jumapili asubuhi. Nikamwambia apumzike, aende kanisani bila haraka, shughuli ya siku ya jina nitaibeba peke yangu.

Alinitazama. Macho yakamjaa maji. Akanikumbatia mpaka kiungo fulani mgongoni kikalia. Akasema miaka thelathini anapika siku hiyo, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia akae.

Nikajisikia mwizi. Lakini mwizi mwenye mpango.

Jioni nimeenda kununua unga. Muuza duka amenipongeza. Mwanamke wa posta amenipongeza. Mama Rayna amepita mtaa mzima akitangaza kwamba mkwe wake mpya ndiye mwenye karamu mwaka huu. Mjomba Gancho, jirani yetu, amenipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara kwamba atakuja na kodiani yake, na kwamba amemwambia na kaka yake. Na kaka yake ana watoto sita!

Jumamosi, 4 Aprili

Sikulala vizuri. Nilimwona kaka yake Mjomba Gancho ndotoni, amesimama mlangoni, kofia mkononi, watoto wake wamepangana kwa urefu. Hakuna hata biskuti.

Siwezi. Yaani kuondoka nitaondoka, ila hao watu lazima wakute kitu. Nimeoka banitsa, ule mkate wetu wa tabaka tabaka, ya mchicha, sinia nzima, ile kubwa. Nimevunja maganda ya kokwa za jozi. Nimetoa chupa ya rakia ya baba mkwe, pombe yake kali ya matunda. Nitaviweka kwenye kiti nje ya mlango. Yasen ameuliza kama huko bado ni kutoroka. Nimembusu ili asiendelee.

Jumapili, 5 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa ngazini na viatu mkononi. Sinia kwenye kiti, kitambaa juu yake. Tukafika chini, nikarudi juu. Kuacha chakula bila neno ni kama kulisha kuku! Nikaandika kikaratasi: "Wapendwa, karibuni, kuleni. Mtuwie radhi sana. Tumekwenda pangoni Dryanovo, mchana tutakuwa kwenye maporomoko, jioni tutarudi. Tunawapenda." Adabu haigharimu kitu.

Treni! Bega la Yasen! Nje miti ya plamu imechanua, maua meupe matupu. Pangoni ilikuwa baridi, akanivika koti lake, lina harufu ya mbao na gundi. Tukapanda hadi kwenye maporomoko. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Tukakaa juu ya jiwe. Yasen akanishika mikono yote miwili akasema kuna jambo anataka kuniambia kabla hajaondoka, jambo ambalo nyumbani halisemeki, maana supu huingia.

Ndipo nikasikia kodiani.

Watu kumi na tisa! Mbele Mjomba Gancho, anapiga huku anapanda, uso kama nyanya. Nyuma yake wale watoto sita. Mama Rayna amebeba samaki mzima wa kuokwa kwenye sinia, na matawi ya mwerebi aliyopewa kanisani yako kichwani kama taji. Wifi ameshika kikaratasi changu na kukisoma kwa sauti: "'Mchana tutakuwa kwenye maporomoko.' Tumewahi, wifi, au tumechelewa?" Skafu yangu shingoni!

Mama Rayna hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema, "Mwanangu, hiyo sinia nitaishika mkono niiambie salamu ya leo, 'Uishi na jina lako'?" Kisha akanivika taji lake na kunibusu. Banitsa yangu walikuwa wameibeba yote, haijakatwa hata kipande. Ati chakula cha siku ya jina hakiliwi bila mwenye jina.

Tulikula, tukacheza duara hadi treni ya jioni. Katikati ya duara, kodiani ikipiga kelele, Yasen aliniinamia akaniambia jambo lake sikioni. Sikusikia hata neno. Nikamwambia na mimi pia.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimegundua siku niliyoisahau! Jumatatu ya Pasaka, kesho yake ndiyo anaondoka. Watu wote watakuwa wamelala kwa shibe ya kondoo. Tutaenda kwenye ngome ya zamani kule kilimani, kwa miguu, bila ratiba ya kukutwa chini ya mto. Huko ataniambia tena lile jambo, polepole.

Safari hii siri ni siri. Anajua Mama Rayna peke yake, maana ndiye mwenye kapu. Ameuliza aoke banitsa vipande vingapi. Nimemwambia tuko wawili tu, Mama, aoke ishirini. Huwezi kujua nani atapita.