Visanduku Kumi na Tisa vya Mkate wa Hortensia

Jumanne, 4 Machi

Niwie radhi, daftari langu. Wiki sita sijakufungua. Nilikuwa ninaunda programu ya simu ya kuagizia mikate ya Hortensia, mdogo wangu. Imekamilika. Visanduku kumi na tisa vya kujaza: mtaa, namba ya nyumba, kiwango cha chumvi, hata siku ya kuzaliwa. Hakuna kilichosahauliwa.

Jirani Gamboa, fundi baiskeli, ameunda yake. Kitufe kimoja. Unabonyeza, unasema, sauti inamfikia Hortensia. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne. Kitufe kimoja ni sentensi isiyo na kiima.

Hortensia atachagua moja. Asipopata wateja wa kupelekewa, atalizima tanuri la marehemu mama.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio. Bibi Eduviges alikwama kisanduku cha pili. Alisema nyumba yake haina namba. Iko mita mia mbili kusini mwa pale palipokuwa na mkuyu, yenye mbwa mnene. Nilimweleza kwamba mkuyu ulikatwa mwaka 1987.

“Kwani nani hajui ulipokuwa, mwalimu?”

Kisanduku hakipokei mkuyu. Hakipokei mbwa. Akajaribu ya Gamboa, akaisimulia simu kama anayepiga soga. Mkate ulifika ukiwa moto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejiagizia mkate ili kuthibitisha. Kwenye namba ya nyumba nilikaa robo saa. Miaka arobaini naishi humu. Nikaandika 1. Mkate haujafika.

Mbinu mpya. Nilimwendea Gamboa, nikamsifu, nikamshauri aongeze vitufe: cha jamu, cha siagi, cha salamu. Programu yake ingezama kwa uzito. Alicheka, akasema akiongeza vitufe atakuwa mimi. Kisha akanikaribisha kahawa. Nilikunywa vikombe viwili. Kahawa yake ni nzuri, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Hortensia amezijaribu zote mbili.

“Kaka, kwako nahojiwa kama niko uhamiaji. Mimi nataka kuuza mkate tu.”

Amenipa hadi kesho nipunguze. Anajua nimeumia, amenifungia mkate wa mahindi.

Nimetii. Nimefuta kumi na vinane. Kimebaki kimoja: Eleza nyumba yako. Kilionekana kipweke. Nikakiongezea vitatu vya mti (upo, ulikatwa, mwaka gani) na vitatu vya mbwa (jina, rangi, unene), kisha nikarudisha kumi na sita vya zamani. Viko ishirini na vitatu sasa, na vyote vinahitajika.

Anaamua baada ya misa. Akishatamka, utasikia kutoka kwangu.