Mrithi wa Mafuta ya Mzee Kosgei

Micah alikuwa mtu wa Nakuru ambaye hajawahi kushika jembe, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia digrii. Riziki yake yote ilitoka mdomoni kabla ya kuingia mdomoni.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa 2007, alikuwa akinywa chai hotelini karibu na soko redio ilipotoa tena tangazo. Mama Chepngeno wa Mau Narok, mjane wa marehemu Kosgei, alikuwa anamtafuta mtoto ambaye mumewe alizaa huko Bahati kabla ya ndoa. Mzee alikuwa ameanguka shambani na kufa kwa ugonjwa wa moyo, kama baba yake alivyokufa, na daktari alitaka kila mtoto wake apimwe damu. Familia ingelipia.

Watu hotelini walisema, "Maskini." Micah aliagiza andazi lingine.

"Mtu halipiwi kipimo bure," alijiambia. "Nyuma ya kipimo hicho kuna ekari."

Kesho yake alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa Mama Chepngeno, uso umelowa.

"Mama, shamba sitaki. Nataka tu jina la baba."

(Wajanja wachanga huharibu kazi hapo. Huanza na shamba.)

Mama Chepngeno alimtazama kama mtu anayekagua fahali sokoni. "Pole, mwanangu. Wiki ijayo tutaenda Nakuru upimwe."

Msichana mchangamfu aitwaye Cheruto alileta chai, akamwangalia Micah, akakimbilia jikoni akicheka. Micah akajua amependwa.

Weldon, kifungua mimba wa nyumba hiyo, ndiye aliyemweleza mambo. "Sisi tuko na mafuta mengi kwa damu, bro. Tulirithi kwa mzee."

Hapo Micah akaona kazi iko wapi. Kama mafuta ndiyo alama ya ukoo, basi na yeye lazima awe nayo. Alirudi mjini, akahamia kwa bucha. Alikula mbavu, akala utumbo, akala mkia wa kondoo mpaka muuza nyama mwenyewe akamwonea huruma. Aliagizwa asile chochote tangu jioni ya kuamkia kipimo. Alfajiri akala sambusa nje ya mlango wa kliniki, akafuta vidole kwa suruali, akaingia.

Majibu yalipotoka, Daktari Tanveer aliyasoma, kisha akaisoma ile suruali.

"Boss, ulikula nini?"

"Uji tu, daktari."

"Huo uji ulikuwa na mkia?"

Mama Chepngeno alikohoa. Daktari akamgeukia. "Mama, mafuta hayatembei kwa damu yenyewe. Yanabebwa, kama viazi kwa gunia. Hayo magunia tunayaita lipoprotini. Mtu wa kawaida, ini linayapokea na kuyashusha. Lakini kuna familia ini linazaliwa likiwa zito kuyapokea, basi magunia yanajazana njiani, mishipa inaziba mtu akiwa bado kijana. Huyu hana hiyo shida. Yale mafuta mabaya ya kurithi yako chini kabisa. Haya yake ni ya sahani, akifunga mdomo yatashuka. Ugonjwa wa mzee hauingii kwa mdomo. Unatoka kwa mzazi."

Micah aliziona ekari zikipeperuka dirishani. Alikuwa anapima umbali wa mlango wakati Mama Chepngeno aliposimama na kumkumbatia.

"Si ulisema kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyu ameponyoka! Mungu ni mwema!"

Micah alilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Furaha ilidumu hadi walipofika Mau Narok. "Moyo kama wako ni baraka," Mama Chepngeno alimwambia, akimkabidhi jembe. "Weldon amekatazwa mizigo mizito kwa sasa. Viazi havijichimbi."

Micah alifikiri haraka. Mrithi lazima aonekane shambani. Akachimba. Akajaza magunia, akayapakia kwenye malori ya kwenda Mai Mahiu, viganja vikatoka malengelenge na mgongo ukaanza kuongea lugha asizozijua. Kila jioni Weldon na Cheruto walimeza tembe zao, yeye akapewa ugali. "Msichana maskini," aliwaza, "maumivu ya kichwa hayampi nafasi."

Lori la mwisho lilipoondoka, alioga, akavaa koti, akaketi.

"Mama, tuongee sasa kama familia. Mimi, kama mtoto wa Bahati—"

"Mtoto wa Bahati ni Cheruto," alisema Mama Chepngeno.

Micah akageuka kumtazama Cheruto kule jikoni.

"Alikuja siku ya pili ya tangazo. Mama yake tunajuana. Ana damu ya baba yake, lakini tumemuwahi, tembe zinamsaidia."

"Na tangazo mbona hamkuliondoa redioni?"

"Tuliondoe aje, na bado mnakuja? Wa kwanza alichimba choo. Wa pili akajenga boma la ng'ombe. Lakini wewe umewashinda wote."

"Ulinilipia kipimo! Ulinikumbatia!"

"Simpi mtu gunia kabla sijajua moyo wake. Nilizika mmoja, yatosha." Sauti yake ikalegea kidogo. "Na kukukumbatia sikuigiza. Hata mwongo akipatikana mzima, ni furaha."

Micah alitafuta hasira akaikosa. Alijikuta anacheka, mpaka Cheruto naye akashindwa kujizuia kule jikoni. Wakamjazia mfuko wa viazi, wakamsindikiza hadi barabarani.

"Mvua ikirudi tunapanda tena," Mama Chepngeno alimwambia akimpa mkono. "Ukikosa baba mwingine, karibu."