Kiti cha Kaunta na Programu Inayoruka Watu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kanipa kompyuta yake ya zamani. Mimi! Kasema duka letu la kufulia nguo haliwezi kuendelea kutuma ujumbe kwa wateja waliokwishahama. Orodha yao isafishwe kabla ya Jumamosi. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba nitaisafisha kwa programu, kama alivyonifundisha. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, akacheka nyuma ya pasi. Akasema nikikosea hata mteja mmoja, yeye atachukua kiti cha kaunta, maana magoti yamemchosha. Binti akakubali! Kiti kile ni cha mama yake. Mto wake bado umebonyea pale alipokuwa anakaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeweka alama kwa kila asiyekuja tena. Fundi viatu. Baada yake mwalimu mstaafu. Kinyozi. Baada ya kinyozi, mke wangu. Aliiweka namba yake siku tulipofungua duka, aone kama ujumbe unafika. Simu yake imo kwenye droo ya kaunta na naichaji kila jioni. Kwani inakula nini? Nilisita, kisha nikamwekea alama na yeye. Haki ni haki. Halafu nikaandika programu: ianze na mtu wa kwanza, iende mbele, ikikuta alama imtoe. Mistari michache tu. Nilijiona injinia.

Jumatano, 5 Machi
Nimetuma ujumbe wa majaribio. Aibu! Mwalimu mstaafu kapiga simu kuuliza kama siku hizi nguo zake tunazifulia hewani, maana amehama tangu mwaka jana. Shemeji kacheka mpaka kaunguza kola ya mtu. Nimekagua orodha. Fundi viatu na kinyozi wametoka, lakini waliowafuata bado wamo. Na droo ililia: tii! Mke wangu naye yumo. Sikusikitika kama nilivyopaswa.

Mpango mpya: programu inashindwa pale wenye alama wanapofuatana. Basi nitawatenganisha, katikati niweke wateja waaminifu. Akili!

Alhamisi, 6 Machi
Katika kuhamishahamisha majina nimempoteza mwenye hoteli, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Hakupata ujumbe kwamba mashuka yake yako tayari. Kaja mwenyewe, anafoka, kasema wageni wake wamelala juu ya vitambaa vya meza. Nikakimbilia bomba la kutundikia nguo. Bomba letu limeinama kuelekea mlangoni. Nikaanzia mlangoni, natoa shuka, nasogea hatua moja. Natoa, nasogea. Kila nikitoa, zilizo juu zinateleza kuziba nafasi, na mimi nimeshapita. Nikamkabidhi, akasema nusu haipo. Akanionyesha kwa kidole mashuka yake yakining'inia nyuma yangu. Akaniambia, mzee, unaruka!

Nikasimama palepale. Mke wangu hakuanzia mlangoni hata siku moja. Alikwenda kwanza mwisho wa bomba, kule juu, akawa anarudi nyumanyuma huku anaimba chinichini. Nguo zilizoteleza zilikuwa zile alizokwisha kuziangalia. Miaka yote nilidhani anafuata kivuli.

Programu yangu nayo inaruka! Ikimtoa mmoja, wa nyuma yake anasogea kwenye nafasi hiyo, nayo imeshakwenda mbele.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye hoteli nimemrudisha. Nimeigeuza programu: inaanzia mtu wa mwisho, inarudi mpaka wa kwanza. Wenye alama wote wametoka, hata waliofuatana. Hakuna aliyebaki. Binti kanipigia makofi, kasema wengine hutengeneza nakala ya orodha, wakapita kwenye nakala na kutoa kwenye ile halisi, lakini njia ya baba ni nzuri vilevile. Shemeji anapiga pasi soksi. Soksi!

Nimetuma ujumbe wa majaribio. Mwalimu hakupiga simu. Droo haikulia. Nikaifungua, nikaifunga. Kabla ya kufunga duka nimerudisha namba moja kwa mkono. Sina haja ya kuandika ya nani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetuma ujumbe wenyewe, binti na shemeji wakitazama. Hakuna mteja aliyepiga simu kulalamika. Nikaanza kuvuta kiti. Tii! Droo. Binti akanitazama. Shemeji akatega sikio, akasema taratibu kwamba huo mlio ni wa simu ya dada yake. Nikakiri kwamba sharti limevunjika, kiti ni chake. Akakaa. Akajigeuza huku na huku. Akainuka, akasema mto huu una umbo la mtu mwingine, utamvunja kiuno, mzee mwenyewe akae. Akarudi kwenye pasi akipiga mluzi. Kabla hajafika akageuka kuuliza kama simu hiyo nakumbuka kuichaji.

Nimekaa mpaka jioni. Jua la dirishani ni zuri. Kumbe ndiyo maana alikipenda.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata wazo kubwa! Nitasafisha na orodha ya wauza sabuni, nimshangaze binti. Hii ni fupi, haina haja ya kuzunguka mpaka mwisho. Nimeanzia mwanzo, kwenda mbele, kutoa kila mwenye alama.

Ajabu. Wawili niliowawekea alama bado wamo.

Kompyuta itakuwa imechoka. Nitaiendesha tena.