Mbonyeo Uliopotea Safarini

Ndugu Meneja wa Usafirishaji wa Magari,

Kwa moyo mzito nakutangazia kwamba tumeondokewa na mbonyeo wa mlango wa nyuma wa gari langu, upande wa kushoto. Ulikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, na umeishi nasi miaka sita.

Nilihamishwa kikazi, mkanisafirishia gari katikati ya mvua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila mtu alinionya: bondeni mafuriko, mlimani mvua ya mawe. Nikajiandaa kwa lolote. Gari limefika halina hata tope! Dereva wako alilifunika kwa turubai mbili na godoro lake mwenyewe. Nani alimtuma?

2. Mto ulipofurika, alingoja siku nne maji yapungue. Mtu mwenye akili zake angelala. Yeye akaazima nyundo ya mpira, akanyoosha mlango wangu. Akinikabidhi ufunguo, mke wangu akiwa pale pale, akasema, "Mzee, ile aibu nimekutolea. Bure kabisa, wala usinishukuru." Sikumshukuru.

3. Ndugu Meneja, mbonyeo ule ulikuwa wa mke wangu. Tuliuona asubuhi moja, na kwa kuwa jana yake sote wawili tuliendesha, niliamua kwa busara kwamba yeye ndiye aliyegonga geti la nyumbani. Tangu hapo, nikichelewa kurudi, nikisahau kununua gesi, nikiunguza gauni lake kwa pasi, nilikuwa nautazama tu ule mlango. Ubishi kwisha. Sasa nikiunyooshea kidole, unang'aa kama kioo. Yeye anajitazamia humo, anafunga kilemba. Tangu juzi nimeosha vyombo mara tano.

4. Hivyo naomba dereva aje na nyundo ile ile aurudishe mbonyeo mahali pake. Akishindwa, lipandisheni gari mlimani bila turubai, kabla msimu wa mvua ya mawe haujaisha.

Nisalimie ofisi nzima, hasa dada wa mapokezi aliyeniahidi, "Ondoa shaka, baba, litafika kama lilivyoondoka." Huyo ndiye shahidi wangu.

Wako katika majonzi,
Mteja wa Lori Namba Saba

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mke wangu ameikuta kwenye dashibodi fomu yenu ya ukaguzi, aliyoijaza dereva siku ya kupakia. Imeandikwa: "Mlango wa nyuma kushoto umebonyea, umebaki na rangi ya kijani ya kitu kilichogongwa." Dereva asisumbuke kuja. Geti la nyumbani lilikuwa jeusi. La kijani lilikuwa la ofisini kwangu.