Lakiri ya Sanduku la Nakala

Wafugaji wote wa Meru na Embu wanaarifiwa kwamba, kuanzia Machi 1996, kampuni ya Uzao Bora haitapoteza tena kumbukumbu yoyote, iwe kwa moto, kwa maji au kwa uzembe. Tangazo hilo niliandika mwenyewe nikalipigilia mlangoni kwa misumari minne. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Nakala za Akiba.

Kazi ya kampuni ni kupandisha ng'ombe bila fahali kufika nyumbani kwa mtu. Daktari wetu, Mwongera, huja na mtungi wake wa baridi kali, huingiza mrija na kwenda zake. Wenye kampuni ni wafugaji wenyewe, mia mbili na kumi na wawili, ambao humchagua mwenyekiti na kisha humwachia afikiri kwa niaba yao. Kitu kimoja tu ni lazima kijulikane kabla ya mrija kuingia: baba wa ng'ombe huyo ni nani. Mtamba akipandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, anaweza kuzaa ndama dhaifu. Majina ya mababa wote yalikuwa katika rejista, na rejista iligawanywa katika kompyuta mbili, ya ng'ombe wa Meru makao makuu, mkabala na soko la Gakoromone, na ya ng'ombe wa Embu tawini Karurumo. Katika barua zetu Karurumo iliitwa Kituo cha Mbali.

Kamati ilikutana kila Jumatano kwa miezi minane kuchagua njia ya kuweka nakala. Tulichambua njia ya kanda, tukaiacha kwa kuwa muuzaji kutoka Nairobi alikataa kuketi mpaka mwisho wa ajenda. Tulichambua njia ya laini ya simu, tukaiacha kwa kuwa mtu wa posta angeweza kusikiliza mambo ya ndani ya ng'ombe wetu. Mandazi yaliisha mara nyingi kabla ya hoja.

Kisha tukamwita Wawira, karani wa Karurumo, ili ionekane tumesikiliza Kituo cha Mbali.

"Mimi naona hivi," alisema. "Kila Friday mnaweka kazi yenu kwa disketi, na mimi naweka yangu. Daktari Mwongera akikuja kuleta mbegu, tunabadilishana. Ya Meru inakaa kwangu, yangu inakaa kwenu. Halafu kila mtu anafungua ile ameletewa, anaona kama inasoma."

"Na kamati itafanya nini?" aliuliza Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Gitobu.

Wawira alifikiri kidogo. "Hakuna kitu, mzee. Hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Tulicheka kwa adabu. Niliandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba pendekezo lilikuwa na upungufu wa kimuundo.

Njia iliyopitishwa ilikuwa hii. Nakala ingewekwa katika sanduku la bati lenye kufuli mbili, likafungwa kwa lakiri nyekundu na muhuri wa kampuni, na lisifunguliwe ila kwa akidi ya kamati yote. Siku ya uzinduzi mchungaji aliomba, Mwenyekiti akahutubia, na mimi nikapewa heshima ya kunakili mbele ya wageni. Disketi ilikuwa moja tu, kwa hiyo nilichagua faili niliyoona ni muhimu kuliko zote kompyutani. Nikaitia katika bahasha, nikaidhinisha juu yake kwa muhuri na sahihi yangu kwamba ni nakala halisi, nikalifunga sanduku kwa lakiri. Watu walipiga makofi.

Tangu siku hiyo tulilikagua sanduku kila Jumatano, yaani tulikagua lakiri. Haikuwahi kupasuka hata kidogo. Taarifa zangu zote zilisema "salama", na sikudanganya.

Utovu wa nidhamu ulitoka Karurumo. Katika ripoti yake ya wiki, bila haya, Wawira aliandika: "Nakala ya Meru imefika, nimeijaribu, inasoma vizuri." Kumbe Mwongera, ambaye huingiza majina ya ng'ombe kila Ijumaa asubuhi, alikuwa akijinakilia rejista na kumpelekea yule msichana mfukoni mwa koti! Kamati ilishtuka. Nakala zilikuwa zinazurura barabarani bila lakiri. Mwongera hatukumgusa, kwa sababu ng'ombe wa Mwenyekiti wanamjua. Wawira aliandikiwa barua ya onyo. Ripoti iliyofuata ikasema tena: inasoma vizuri. Akaandikiwa ya pili.

Barua ya tatu ilikuwa ya kumfuta kazi. Niliipiga chapa Aprili 1997, nikaiweka mezani kwa Mwenyekiti, na yeye akasema ataitia sahihi Alhamisi baada ya chai. Nilijua kwamba Wawira ndiye aliyesomesha wadogo zake watatu kwa kazi hiyo. Nilijua, na bado nilihakikisha jina lake limeandikwa sawasawa.

Alhamisi hiyo, saa tano asubuhi, mvua ilikuja na radi. Kompyuta yetu ilitoa mlio mmoja na harufu ya waya, ikazima. Haikuwaka tena.

Saa saba Mama Mugendi aliingia ofisini amelowa mpaka magotini. Ni mwenye hisa, mjane, na alikuwa na mtamba mmoja aitwaye Nkatha aliyemlea kwa miaka miwili kwa majani ya kubeba mgongoni.

"Daktari, Nkatha anataka dume tangu asubuhi," alimwambia Mwongera. "Analia, anapanda hata ile ng'ombe ya jirani. Twende haraka kabla hamu haijapita."

"Niko tayari, mama. Lakini niko na mbegu ya fahali wawili tu, Kirimara na Bandari. Baba ya Nkatha ni nani kati ya hao?"

"Sasa mimi nitajua aje? Nilimnunua akiwa ndama. Si muliandika kwa kompyuta?"

Hapo ndipo kamati ilipopata nafasi yake katika historia. Akidi ilipatikana kwa nusu saa. Wafugaji waliokuwa wamejikinga mvua barazani waliingia kutazama. Lakiri ilivunjwa kwa kisu cha mkate. Tulipanda ghorofani kwenye chuo cha kupiga chapa, ambako mwalimu alikuwa ameng'oa nyaya zote ukutani mvua ilipoanza tu, jambo ambalo hakuunda kamati kulijadili. Sasa alizirudisha, akaiweka disketi yetu kompyutani, akabonyeza, printa ikaanza kulia.

Karatasi ilitoka. Ilikuwa hotuba ya Mwenyekiti ya siku ya uzinduzi, kurasa tatu, na hakuna kingine.

"Hii ndiyo faili muhimu kuliko zote?" aliuliza Mwongera.

Nilimwambia kwamba siku ile ilikuwa hivyo.

"Wachana na hiyo!" Mama Mugendi alisema. "Pigia yule msichana wa Karurumo."

Mwenyekiti alikohoa, akasema utaratibu hauruhusu. Mama Mugendi alishika simu ya mwalimu akanipa. Nilizungusha namba. Wawira aliuliza jina la ng'ombe, akafungua nakala ya Meru.

"Nkatha, ya Mama Mugendi," alisema. "Baba ni Kirimara. Ambia daktari asiweke Kirimara. Aweke Bandari. Na mwambie mama pole na mvua."

Hakuuliza habari ya barua za onyo. Nilipomaliza kurudia maneno yake, Mwongera alikwishashuka ngazi na mtungi begani.

Mama Mugendi hakumfuata mara moja. Alikuwa ameokota karatasi ya printa, na alisoma kwa sauti kama anayesoma kanisani: "Siku nakala hii itakapokosa kumsaidia mfugaji hata mmoja, mimi Gitobu nitaachia kiti hiki kabla ya jua kutua."

Wafugaji walitazamana. Mmoja akachungulia dirishani kuangalia jua liko wapi.

"Karatasi hiyo si halali," Mwenyekiti alisema. "Yeyote anaweza kuandika vitu kwa kompyuta. Katibu, waambie."

Mwalimu akainua bahasha ya disketi ili wote waone. Juu yake kulikuwa na muhuri wa kampuni, maneno "nakala halisi", na sahihi yangu. Kwa mara ya kwanza niliona aibu, na nasema hivyo bila kupitisha kwenye kamati.

Tulishuka ofisini. Mheshimiwa Gitobu aliketi, akasema hana karatasi. Mama Mugendi alitazama mezani, akachukua barua ya tatu, akaisoma yote, akaigeuza upande mweupe na kumsogezea kalamu.

"Andika hapa, mzee. Mimi nina ng'ombe inaningoja."

Aliandika mistari miwili, saa tisa na robo, jua likiwa bado juu. Kesho yake asubuhi Mwongera aliipiga chapa kwenye kompyuta ya ghorofani, akaiweka kwenye disketi, akampelekea Wawira. Ijumaa jioni ripoti ya Karurumo ilifika: nakala ya kujiuzulu kwa Mwenyekiti imepokelewa, imejaribiwa, inasoma vizuri.